Keisi ya kompyuta ya gemu yenye taa za rangi: namna ya kuichagua ukiwa Dodoma

Kabla hujaniambia unataka keisi ya rangi gani, niambie kwanza ukuta wa chumba chako uko upande gani wa meza. Keisi nyingi zina kioo upande wa kushoto ukizitazama kwa mbele. Maana yake kompyuta inatakiwa ikae kulia kwako ndipo uzione taa. Ukiiweka kushoto, kioo kinautazama ukuta na wewe unabaki kutazama bati. Kijana mmoja wa Ilazo alijinyima miezi minne ili apate keisi ya taa. Siku ya kuifunga tukakuta soketi ya ukutani iko kushoto na nafasi ya meza iko kushoto. Tulihamisha meza, kitanda na kabati, tukanunua na ekstensheni, hadi saa mbili usiku. Wewe pima mapema, hata kwa utepe wa fundi cherehani.

Mimi naunganisha kompyuta katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu hapa Makole, huu ni mwaka wa tisa. Wateja wangu ni wanafunzi wa UDOM, vijana wanaohariri video za harusi, na watoto wa watumishi waliohamia huku ofisi za serikali zilipokuja. Karibu kila mmoja anaanza na maneno yaleyale: "Nataka ile yenye mataa."

Hapo tuwekane sawa kwenye jina. Kwetu boksi lote la kompyuta huitwa sipiyu, hata madukani. Sipiyu yenyewe ni kichipu kidogo, kama kipande cha biskuti, kinachokaa juu ya mazabodi, lile bamba kuu linalounganisha vifaa vyote vya ndani. Mimi hapa nazungumzia boksi lenyewe, yaani keisi. Ukimwandikia muuzaji wa Kariakoo kwamba unataka sipiyu ya taa, atakutumia bei ya kompyuta nzima na mtapotezeana siku.

Mwaka jana mwezi wa nane, upepo umekaza, alikuja mama mmoja kutoka Chamwino na mwanawe aliyemaliza kidato cha sita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Huyu mdogo wako ana vifaa vyote, anasema amebakiza boksi la mataa. Hayo mataa yana kazi gani?"

Nilimjibu ukweli. Taa haziongezi kasi ya kompyuta hata chembe, ni furaha ya macho, na furaha ya macho si kitu cha kudharau kwa kijana anayekaa mbele ya mashine hiyo saa sita kwa siku. Lakini boksi linalobeba taa ndilo linaloamua kama kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, aliyoinunua kwa jasho itapumua au itakaangika. Mama akavuta kiti akakaa. Kijana akabaki amesimama, simu mkononi, na picha ya keisi ya kioo mbele na kioo ubavuni. Niliyomwambia siku ile ndiyo nitakayokuambia na wewe.

Tulianza na vumbi. Anayeandika ushauri wa keisi akiwa Ulaya halijui vumbi letu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na miezi iliyobaki ardhi inakauka hadi inapasuka. Kuanzia Juni upepo unaanza, na ikifika Agosti na Septemba ukifagia asubuhi, saa sita mchana unaweza kuandika jina lako juu ya meza. Ni vumbi jepesi, lina wekundu kidogo, linapita chini ya mlango hata ukiweka tambara. Sasa chukua feni tatu, ziweke zivute hewa ya chumba hicho usiku na mchana. Nimefungua mashine za Nkuhungu na Chang'ombe ambazo mapezi ya kupoozea sipiyu yamejaa kama tandiko la sufi.

Kwa hiyo uso wa keisi ndio wa kuutazama kwanza. Kuna aina tatu zinazofika huku.

Ya kwanza ina kioo au plastiki nzima mbele, na nyuma yake feni tatu zinazowaka. Inapendeza dukani kuliko zote. Hewa yake inaingia kwa ufa mwembamba ubavuni, labda upana wa kidole. Feni hapo ni kama mtu aliyefungwa kitambaa puani. Zinazunguka, zinapiga kelele, na hewa inayofika kwenye kadi ni ndogo. Mimi siifungi keisi hiyo kwa mtu mwenye kadi ya kucheza gemu nzito, isipokuwa asisitize akiwa ameshajua.

Ya pili ni ile ya kioo mbele na kioo ubavuni bila nguzo ya kona, kama hifadhi ya samaki. Umbo la vioo viwili liliingia sana sokoni tangu Lian Li walipotoa O11 Dynamic mwaka 2018, na tangu hapo kila kiwanda kina yake. Hii siyo mbaya ikijengwa vizuri, kwa sababu hewa haitarajiwi kupita mbele kabisa: inaingia kwa chini na kwa ubavu wa pili, inatokea juu na nyuma. Shida ni kwamba nakala za bei nafuu huja na feni moja nyuma, au bila hata moja, na zile tisa unazoziona kwenye picha ni za kununua mwenyewe. Halafu ile ya chini inavuta hewa ya sakafuni, ambako vumbi ndiko linakolala. Ukiitaka, iwe juu ya meza, na iwe na chujio chini.

Ya tatu ina wavu wa chuma mbele. Feni zinaonekana kupitia matundu na mwanga wake unakuja umepoa kidogo, kama taa ya nje ukiitazama kupitia wavu wa mbu dirishani. Hii ndiyo ninayowapa watu wengi. Ukiwa dukani fanya jaribio dogo: vua uso wa mbele, weka kiganja nyuma ya wavu, puliza kwa mdomo kutoka mbele. Ukiisikia pumzi yako kiganjani, hewa itapita. Usipoisikia, wavu huo ni pambo.

Nyuma ya wavu pawe na chujio la nailoni linalochomoka. Hili wengi hawaliulizi. Angalia linachomokaje: kwa kuvuta tu kutoka mbele au juu, au mpaka ulaze mashine na kufungua skrubu nne? La skrubu nne hutalisafisha, najua, hata mimi nisingelisafisha. Chujio la pawasaplai, kile kisanduku cha chini kinachogawa umeme ndani ya mashine, kwa keisi nyingi linavutwa kwa nyuma, na nyuma ni ukutani. Zipo zinazovutwa kwa mbele au ubavuni, na kwa Dodoma tofauti hiyo ina thamani kuliko feni moja ya ziada. Chujio unalifua kwa maji ya kawaida, unalikung'uta, unalianika kivulini hadi likauke kabisa.

Na idadi ya feni nayo ina hesabu yake. Feni zinazoingiza hewa ziwe nyingi kuliko zinazotoa: tatu mbele, moja nyuma. Hewa ikizidi ndani inatafuta njia ya kutoka kwenye kila ufa, na vumbi linakosa mlango wa pembeni. Ukigeuza, zinazotoa zikawa nyingi, keisi inafyonza hewa kupitia kila tundu lisilo na chujio, hata tundu la USB. Zipo siku hizi feni zenye panga zilizogeuzwa, ambazo zinaingiza hewa huku sura yake nzuri ikikutazama wewe. Hizo ndizo za kuweka ubavuni na chini kwenye keisi za vioo viwili, vinginevyo utakuwa unatazama mgongo wa feni na nyaya zake.

Kama unayo keisi tayari na unataka kujua inapumua au la, weka programu ya bure iitwayo HWiNFO, cheza gemu dakika ishirini, soma joto la kadi. Kisha fungua mlango wa kioo, ucheze tena dakika ishirini. Joto likishuka sana mlango ukiwa wazi, keisi inaibana kadi. Kadi nyingi za NVIDIA huanza kujipunguzia kasi zikifika nyuzi joto 83 hivi, na mwezi wa Oktoba chumba chenye bati bila siling'i kinakusaidia kufika huko haraka.

Sasa taa. Hapa ndipo watu wanapoliwa fedha, kwa sababu neno RGB, yaani taa za nyekundu, kijani na bluu, linaandikwa kwenye kila boksi. Usimuulize muuzaji kama keisi ina RGB. Mwambie hivi: "Naomba picha ya plagi ya feni, ile ndogo mwisho wa waya." Picha hiyo inasema yote.

Ukiona plagi kubwa nyeupe au nyeusi ya pini nne nene, ile ya kizamani iitwayo moleksi, na hakuna waya mwingine, basi feni hiyo inapata umeme tu. Rangi zake zimeshapangwa kiwandani: upinde wa mvua uleule, leo, kesho na mwakani. Huwezi kuibadilisha kuwa bluu tupu. Kuna wanaoridhika nayo, ni sawa, lakini isiuzwe kwa bei ya taa zinazobadilika.

Ukiona plagi ndogo ya matundu manne mfululizo, hiyo ni RGB ya volti 12. Unachagua rangi yoyote, ila feni zote na taa zake zote zinakuwa rangi moja kwa wakati mmoja.

Ukiona plagi ndogo yenye nafasi nne lakini matundu matatu, pengo moja katikati, hiyo ni ARGB ya volti 5. Hapa kila kitaa kina anwani yake na unaweza kukiamuru peke yake: kimoja chekundu, jirani yake zambarau, mwanga ukazunguka kama moto wa jikoni. Hii ndiyo watu wanayoiona kwenye video na kuitamani. Itafute hii.

Ya mwisho ni plagi pana ya pini sita au umbo lolote lisilo la kawaida, inayoingia kwenye kisanduku kidogo kilichokuja na keisi. Feni hizo zinaishi na kisanduku hicho na kufa nacho. Kikiungua, hupati kingine mjini Dodoma, na mara nyingi hata kasi ya feni huwezi kuitawala kutoka kwenye mazabodi. Nimeshatupa seti nzima ya feni nzima kwa ajili ya kisanduku kimoja. Mimi sizichukui tena.

Volti 5 na volti 12 usizichanganye kamwe. Mwaka wangu wa pili kazini nilifunga mashine ya binamu yangu. Feni zilikuwa za volti 5, plagi yake ilikuwa ya bei nafuu, haikuwa na kizuizi kwenye lile pengo, ikaingia laini kabisa kwenye soketi ya volti 12. Nikawasha. Taa zilimweka mara moja kwa mwanga mkali zikazima, zote tatu. Feni ziliendelea kuzunguka gizani kwa sababu mota ina waya wake. Nililipa feni zote, na tangu siku hiyo nasoma maandishi kwenye mazabodi kwa tochi kabla sijachomeka. Nawe fanya hivyo. MSI huandika JRGB kwa volti 12, na JRAINBOW au JARGB kwa volti 5. Gigabyte huandika LED_C kwa volti 12, na D_LED au ARGB_V2 kwa volti 5. ASRock wana RGB_LED kwa 12 na ADDR_LED kwa 5. Kwa ASUS, soketi za volti 5 huanza na ADD. Hesabu na pini pia: nne zilizojaa ni 12, tatu zenye pengo ni 5.

Mazabodi yako ikiwa ya zamani, zile za H61 au H81 ambazo bado tunazo nyingi, haina soketi ya taa ya aina yoyote. Usikate tamaa. Nunua keisi yenye kigawanyio, yaani kisanduku cha kugawia feni umeme na amri za taa, kinachochukua umeme kwa plagi ya SATA, ile bapa ya diski, kutoka kwenye pawasaplai, na chenye kitufe au rimoti yake. Hakikisha kina pia waya wa pini tatu wa kuunganisha na mazabodi, ili siku ukibadilisha mazabodi usinunue upya. Kwenye keisi nyingi kitufe cha riseti ndicho kinachogeuzwa kuwa cha taa. Hakuna hasara hapo, riseti huitumii mara kwa mara.

Kigawanyio hicho kina faida nyingine: kinaokoa mazabodi. Kitaa kimoja cha ARGB kikiwaka cheupe kwa nguvu zote hula hadi miliampia 60. Feni yenye vitaa 12 inakuwa miliampia 720. Ukiwa na feni sita, vitaa 72, unafika ampia 4.3, wakati soketi nyingi za mazabodi zinaruhusu ampia 3. Feni nne ni salama, sita uzipitishe kwenye kigawanyio chenye umeme wake. Kijana anayeziunganisha zote kwa mnyororo kwenye soketi moja huona mwishoni mwa mnyororo nyeupe inageuka kuwa njano, halafu siku moja soketi inakufa.

Kwa wenye rimoti kuna jaribio la kwetu ambalo sijaona mtu wa mbali akilitaja. Chagua rangi unayoipenda, kisha zima umeme ukutani, subiri dakika, washa. Taa zimeikumbuka rangi yako au zimerudi kwenye upinde wa mvua? Umeme ukikatika mara mbili kwa wiki, kisichokumbuka kitakuchosha. Mwombe muuzaji akufanyie jaribio hilo mbele yako au kwa video.

Ukitumia mazabodi, kila kampuni ina programu yake: Aura Sync ya ASUS, Mystic Light ya MSI, RGB Fusion ya Gigabyte, Polychrome ya ASRock. Ukiwa na vifaa vya kampuni tatu tofauti, programu tatu zinagombania taa na kula ramu, kumbukumbu ya muda ya mashine. Hapo natumia OpenRGB, ni ya bure na inatawala vifaa vya kampuni nyingi pamoja. Windows 11 nayo tangu mwaka 2023 ina sehemu yake ya taa ndani ya mipangilio, iitwayo Dynamic Lighting, kwa vifaa vinavyoikubali. Na kama chumba chako ni cha bweni, ingia kwenye BIOS, mipangilio inayofunguka kabla Windows haijaanza, utafute mpangilio wa taa mashine ikiwa imezimwa. Mazabodi nyingi huacha taa zikiwaka hata baada ya kuzima kompyuta, na mwenzako anataka kulala.

Kuhusu rangi zenyewe, boksi litakuambia milioni 16. Ni kweli kwa hesabu: viwango 256 vya nyekundu, 256 vya kijani, 256 vya bluu, jumla 16,777,216. Macho hayazioni zote, na vitaa havizitoi sawasawa. Kijani kina nguvu kupita wenzake. Ukiandika namba za chungwa zinazojulikana kwenye skrini, 255, 165, 0, feni itakupa njano. Shusha kijani hadi 60 ndipo utaona chungwa la machweo ya Dodoma. Nyeupe kamili, 255 zote tatu, hutoka na ubluu wa baridi, kwa hiyo punguza bluu hadi 150 na kijani hadi 200, chumba kitapata joto la taa ya kawaida. Na usiwashe kwa nguvu zote. Usiku asilimia 40 inatosha.

Ndani ya keisi kukiwa kweupe, mwanga unasambaa na chumba kizima cha mashine kinachukua rangi. Kukiwa kweusi, unaona mduara wa feni tu. Mimi napenda nyeupe kwa ndani, ingawa plastiki nyeupe ya nje ikikaa dirishani juani hugeuka njano taratibu, basi usiiweke dirishani. Kioo chenye moshi kidogo kinalainisha nukta za taa na kuficha nyaya. Kioo kiangavu kabisa kinadai mpangilio mzuri wa nyaya, na nyuma ya bamba la mazabodi pawe na nafasi ya kuzificha, angalau upana wa kidole gumba.

Yule kijana wa Chamwino alikuwa na jambo jingine, na ndilo karibu lingemharibia fedha yote. Kompyuta yake ilikuwa ya mtumba wa ofisi, Dell OptiPlex 9020, ambayo alikuwa ameiongezea kadi ndogo. Alitaka kuihamisha nzima kwenye keisi ya taa. Wengi wanafanya hivi kwa sababu hizo ndizo mashine tunazozipata kwa bei ya kufaa. Lakini mazabodi ya 9020 haichukui umeme kwa plagi ya kawaida ya pini 24. Ina plagi ya pini nane ya Dell wenyewe. HP EliteDesk 800 G1 ina ya pini sita. Soketi za kitufe cha kuwashia nazo zina mpangilio wake, na bati la nyuma la USB limeungana na boksi lake la zamani. Zipo nyaya za kubadilisha plagi, na fundi anaweza kuhangaika akafika, ila mwisho wake utakuwa na keisi nzuri iliyotobolewa kwa dreli. Nilimwambia auze ile mashine, abaki na kadi, ramu na diski, atafute mazabodi ya kawaida ya saizi ya Micro-ATX iliyotumika. Alinuna kidogo. Mama akamwambia, "Msikilize kaka yako."

Vipimo vya kuingia ndani ni rahisi, ukivisoma kabla. Mazabodi ya ATX ni milimita 305 kwa 244, Micro-ATX ni 244 kwa 244, Mini-ITX ni 170 kwa 170. Keisi kubwa inapokea ndogo, ndogo haipokei kubwa. Pima urefu wa kadi, maana za feni tatu huweza kupita milimita 300, na kama utaweka rejeta ya kupoozea sipiyu kwa maji mbele, toa milimita 52 kwa ajili ya rejeta na feni zake. Pima kimo cha kipoozeo cha sipiyu: Noctua NH-D15 ina milimita 165, na keisi nyingi za bei ya chini zinaishia 160. Tundu la USB-C mbele linahitaji soketi yake kwenye mazabodi, vinginevyo ni tundu tu. Bati nalo libonyeze kwa dole gumba. Likibonyea kama kopo la soda, litapiga kelele feni zikikimbia.

Kioo cha ubavuni ni kioo kilichopashwa moto mkali na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu. Katikati unaweza kukigonga. Ukingoni hakivumilii, na adui yake mkubwa ni kigae cha sakafuni. Kigae ni kigumu kuliko kioo. Kona ya kioo ikigusa kigae hata kwa mguso mdogo, kioo chote kinaporomoka kuwa punje. Nyumba nyingi za Kisasa na Ilazo zina vigae, na simu za namna hiyo nimepokea tatu. Ukikivua, kilaze kitandani. Kwa sababu hiyo napendelea mlango wa kioo wenye bawaba, au wenye skrubu zilizo nyuma kwenye fremu ya chuma, kuliko ule wa skrubu nne zinazopenya kwenye kioo chenyewe.

Keisi nyingi tunaziagiza Dar es Salaam, zinakuja kama mzigo kwenye basi na tunazipokea stendi kuu kule Nzuguni. Mwambie muuzaji aache sponji zote za kiwandani, aweke kioo kati ya sponji mbili, asiifunge kadi ya grafiki ndani hata kama umenunua mashine nzima, kwa sababu matuta yote ya njiani yatailemea soketi yake. Kadi isafiri kwenye boksi lake. Ukifika stendi fungua palepale, mbele ya karani wa mizigo, hesabu kona nne za kioo, piga picha. Kisha nyumbani, kabla hujaweka mazabodi ndani, washa feni na taa peke yake kwa pawasaplai na kigawanyio. Kuna kitaa kimekufa? Kimoja kina rangi tofauti na wenzake? Mrudishie muuzaji sasa, wakati skrubu bado ziko kwenye mfuko wake.

Kijana wa Chamwino alichukua keisi ya wavu mbele, nyeupe ndani, feni tatu za kuingiza na moja ya kutoa, zote za volti 5 kwenye kigawanyio cha SATA, chujio la mbele linavutwa kwa juu. Baada ya wiki mbili alinipigia. Alitaka rangi ya zabibu zilizoiva, kama za shamba la babu yake, na kila akijaribu ilitoka bluu. Nilimwambia aondoe kijani chote, apandishe nyekundu hadi 150 na bluu aishushe hadi 110, halafu apunguze mwanga hadi nusu. Akasubiri kidogo kwenye simu. "Imekuja, kaka," akasema. Kisha akampa mama simu, nikamuuliza vumbi likoje huko. Mama akaniambia chujio kijana anafua mwenyewe kila Jumamosi, pamoja na sare za shule za wadogo zake, na anaanika chini ya mwembe.